Sindano ya kroshe na watoto wadogo: desturi ya nani?



Kamati ya ushirika wetu ilipoomba kila mmoja aandike juu ya desturi moja anayoijua vizuri, mimi nilisema nitaandika juu ya kroshe. Watu walicheka kidogo. Mwalimu mwenzangu wa jiografia alisema wazi: «Mama mwalimu, ile haiko desturi. Ile ni kitu ya bazungu, masista njo balileta. Andika juu ya kupokea mapacha ao juu ya mahari, pale utakuwa mu mila yetu.»

Sikupata jibu siku ile. Nilirudi nyumbani na neno lake kichwani, na nyumbani nikakuta mambo ya kila jioni: mkubwa anatafuta kalamu ya masomo, wa pili analia kwa sababu mkubwa amemnyang'anya kiti, na mdogo wa miaka minne ameingia chini ya meza na donge langu la uzi, amelizungusha kwenye miguu yote ya meza. Maji ya bukari yalikuwa motoni. Ndani ya mfuko wangu makaratasi ya wanafunzi wa mwaka wa tano yalikuwa yanangoja kusahihishwa, zaidi ya hamsini. Usiku watoto walipolala, umeme ukiwa umekatika, sikusahihisha hata karatasi moja. Nilichukua sindano yangu ya kroshe nikafanya mistari mitano ya kofia ya mtoto wa dada yangu, kwa mwanga wa taa ndogo. Hapo nikajiuliza kama mwalimu wa historia: mkono huu, nani aliufundisha? Na yule aliyemfundisha, alifundishwa na nani, na kwa sababu gani?

Mwenzangu ana haki kwa upande mmoja. Kroshe haikuzaliwa Katanga. Lakini tusidhani kwamba ni kitu cha zamani sana hata kule Bulaya. Maelezo ya kwanza ya kroshe yaliyochapwa, kadiri wanahistoria wanavyojua, yalitoka katika gazeti la Uholanzi lililoitwa Pénélopé, mwaka 1823. Ni juzi tu, tukilinganisha na kazi ya kufuma kwa mtambo, ambayo ina maelfu ya miaka. Kiisha, njaa kubwa ya viazi iliposhika Ayalandi kuanzia 1845, masista Waursula wa Blackrock, karibu na mji wa Cork, walifundisha wanawake na wasichana kufuma dantela kwa sindano ya kroshe, ili waiuze kwa matajiri na familia zipate kula. Kwa hiyo tangu utoto wake kroshe ilikuwa na sura mbili: pambo juu ya meza ya tajiri, na bukari ndani ya sahani ya maskini. Ninaomba msomaji ashike jambo hili, maana tutalikuta tena hapa kwetu, ndani ya kambi za shaba.

Masista waliotoka Ubelgiji kuja Congo walitoka katika inchi iliyokuwa imezoea mambo hayo. Kule Flandre, katika karne ya 19, watawa walikuwa na shule za dantela kwa wasichana maskini. Waliona kwamba msichana aliyeinama juu ya uzi anaokoka na ubaya wa dunia. Wazo hilo walilifunga ndani ya masanduku yao pamoja na sindano.

Je, walipofika walikuta mikono isiyojua uzi? Hapana. Kwa Wakuba wa Kasai wanaume walikuwa wanafuma kitambaa cha rafia kwenye mtambo, na wanawake wanakitia nakshi kwa sindano, kazi ambayo leo inawekwa ndani ya majumba ya makumbusho ya dunia yote. Katika vijiji vingi vya inchi yetu watu walijua kusuka mikeka, vikapu, nyavu za samaki. Kile ambacho hakikuwepo ni wazo kwamba mwanamke «mwema» ni yule anayekaa ndani ya nyumba ya matofali, amefunga mlango, anafuma kitambaa kidogo cheupe cha kuweka chini ya chombo cha maua. Mama wa kijiji alikuwa mlimaji. Shamba lilikuwa lake, ghala lilikuwa lake, na mtoto alikuwa mgongoni.

Sasa tuingie mu kambi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Miaka ya kwanza wafanyakazi walikuwa wanaume walioletwa kwa muda mfupi, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Walikaa kambini bila bibi, walikufa wengi kwa magonjwa, na wale waliobaki walirudi kwao mara tu walipoanza kuijua kazi. Karibu na mwaka 1928 kampuni ilibadilisha siasa yake. Iliamua mfanyakazi akae miaka mitatu kwa mkataba mmoja, aje na bibi yake, azae palepale. Kwa Kifaransa siasa hiyo iliitwa stabilisation. Watu waliletwa toka Kasai, toka Lomami, toka Ruanda-Urundi. Bibi alipata posho yake na watoto walipata yao. Shule za kambi ziliwekwa mikononi mwa misioni za Kikatoliki. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa waliosimamia siasa hiyo, aliandika kitabu mwaka 1946 kuieleza. Ukisoma habari za wakati ule unaelewa kwamba kampuni haikutaka tu mikono ya baba. Ilitaka pia mikono ya mtoto wake miaka kumi na tano mbele. Kwa hiyo tumbo la mama, maziwa ya mama na siku nzima ya mama vikawa mambo ya kampuni.

Lakini mama huyu wa kambi hakuwa na shamba tena. Afanye nini kutwa nzima? Wakubwa waliogopa pombe, waliogopa magomvi, waliogopa pia biashara ndogondogo ambayo hawakuweza kuihesabu. Hapo njo sindano iliingia. Katika kambi na katika misioni palifunguliwa nyumba za kushonea, ambamo bamama na wasichana walifundishwa kushona, triko ya sindano mbili, kroshe, kupiga pasi, kupika «kwa usafi», kuogesha mtoto. Kisha vita ya pili ya dunia, serikali ya koloni ilizidisha kazi hiyo katika miji kwa njia ya foyer social, na Fonds du Bien-Être Indigène, iliyoundwa mwaka 1947, ilisaidia kwa feza. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alichunguza foyer ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, toka 1946 mpaka 1960, na alionyesha namna masomo hayo yalivyotaka kumtengeneza «bibi wa mtu aliyeendelea». Wasimamizi walifika mpaka nyumbani kuangalia kama somo limeingia.

Kuangaliwa nyumbani, wazee wetu walikujua vizuri. Serikali ilipotoa carte du mérite civique mwaka 1948, kiisha immatriculation mwaka 1952, mwanaume aliyeomba karatasi hizo alijua kwamba wageni watakuja kutazama meza yake, vyombo vyake, malazi ya watoto wake. Cheo cha baba kilitegemea usafi wa bibi. Kitambaa cha kroshe mezani hakikuwa pambo tu pale, kilikuwa ushahidi. Na jambo la kuchekesha, kama mtu anaweza kulicheka, ni kwamba katika nyumba za wazungu wenyewe mjini Élisabethville, aliyefua na kupiga pasi naperoni hizo kwa kawaida alikuwa boyi, mwanaume. Wanaume wetu walijua kunyoosha kroshe ya madamu bila kuiunguza mbele ya bibi zao kuijua kuifuma.

Mpaka hapa mwenzangu wa jiografia angepiga makofi. Chombo cha mkoloni, kilichokuja kumkalisha mwanamke. Ni kweli, na mimi nawafundisha wanafunzi wangu hivyo, bila kuficha. Wasichana wa wakati ule walipewa sindano pahali pa hesabu na Kilatini. Mwanamke wa kwanza Mkongomani kupata diploma ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata mwaka 1964 tu. Tukiuliza kwa nini alichelewa hivyo, sehemu ya jibu imelala ndani ya kile kikapu cha nyuzi.

Lakini kambo wangu hakuliona jambo hivyo, na yeye ndiye aliyekuwa pale.

Kambo mwanamke, mama ya mama yangu, alifika kambini Lubumbashi akiwa bibi kijana, kwa treni, miaka michache mbele ya 1950. Hakujua Kiswahili. Mume wake alikuwa anaingia kazini kwa zamu, na jirani wa kuume na wa kushoto walikuwa watu wa kabila zingine. Alinieleza mara nyingi, mimi nimekaa chini miguuni pake na uzi wangu: «Mwanangu, ile masomo ya kushona haikukuwa mubaya. Mu nyumba nilikuwa peke yangu na batoto. Kule tulikuwa tunaenda tunapumuzika kidogo, tunasikia habari ya benzetu. Kiswahili nililifundia pale, hapana ku soko.» Nilimuuliza kama masista walikuwa wakali. Alicheka. Alisema sista mmoja alikuwa anafumua kazi yote ukikosea mstari mmoja, na wao walikuwa wanamtukana kwa lugha zao, kila mmoja kwa yake, na sista anadhani wanaomba.

Hatua ya kwanza ya kroshe, ile mistari ya vitanzi unavyoanza navyo, kwa Kifaransa inaitwa chaînette. Wao waliita munyororo. Msomaji anajua neno hilo lilikuwa na uzito gani katika inchi ambamo wafungwa wa Bula Matari walitembea wamefungwa shingo kwa shingo. Niliwahi kumuuliza kambo kama hawakuona vibaya kutumia neno hilo. Alinitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha ujinga. «Na utaita namna gani? Ni munyororo.»

Kulikuwa na mambo ambayo aliyasema kwa sauti ingine. Mojawapo ni la maziwa. Katika mila zetu nyingi mtoto alinyonya miaka miwili, hata mitatu, na katika muda huo baba na mama walikaa mbalimbali, ili mimba ingine isije upesi. Wadaktari wa koloni na makampuni waliona desturi hiyo inapunguza vizazi. Wakatia nguvu ili mtoto aachishwe mapema, apewe maziwa ya kopo na uji wa kampuni, apelekwe kwa kipimo kila juma. Kambo alienda kwa kipimo, alipokea maziwa, alisema ndiyo, na usiku alinyonyesha. Alizaa watoto tisa, na sita ndio waliokua. Ndani ya sanduku lake la bati, chini ya vitambaa vyote, kulikuwa kofia mbili ndogo za kroshe nyeupe ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa. Mama yangu ndiye aliyeniambia, siku tulipomzika kambo mwaka 2009, kwamba ni za wale ambao hawakukua. Ya tatu ilizikwa na mwenyewe.

Hapa ninataka kusimama kidogo, maana naona kwamba jibu la swali letu liko kwenye kofia hizo kuliko kwenye vitabu. Mji wetu wa Lubumbashi uko juu ya mita 1,200 na zaidi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku, baridi inaingia mpaka ndani ya mifupa, na wageni wanaotoka Kinshasa wanashangaa kwamba Congo kuna baridi ya namna hiyo. Mtoto mchanga aliyezaliwa katika miezi hiyo anahitaji kofia, soksi na kikoti. Hiyo si fikra ya masista, ni hali ya hewa. Mama aliyejifunza naperoni kwa ajili ya meza alirudi nyumbani akafanya kofia kwa ajili ya kichwa. Somo lilikuwa la kupamba nyumba. Matumizi yakawa mtoto.

Na kwa nini kroshe zaidi kuliko triko? Nyumba za kushonea zilifundisha zote mbili, lakini mu familia nyingi ninazozijua ni kroshe iliyobaki. Kila mtu mwenye watoto wadogo anaweza kujibu akifikiri kidogo. Katika triko vitanzi vyote vya mstari viko wazi juu ya sindano, makumi na makumi. Mtoto akivuta sindano moja, vinateremka vyote, na kazi ya juma zima inalia. Katika kroshe kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu. Mtoto akilia, unavuta kitanzi hicho kuwa kirefu, unaweka kazi chini, unaenda. Ukirudi kisha dakika tano ao kisha siku tatu, unaikuta kama ulivyoiacha. Mtoto akivuta uzi, zinafumuka mistari miwili, unarudia. Sindano yenyewe ni moja, kichwa chake ni ndoano isiyochoma. Haihitaji meza, wala moto, wala umeme. Nimefanya kroshe nikinyonyesha, nikingoja zamu hospitalini, nikimfundisha mtoto wa pili kuhesabu: tunahesabu vitanzi pamoja, kumi, ishirini, na akikosea kofia inatoka imepinda, basi anaona kwa macho kwamba hesabu ni kitu cha kweli.

Kazi nyingi za mama zinaharibika zikikatwa katikati. Bukari unaungua, nguo inaungua. Kroshe tu njo inakubali kukatwa. Masista, ambao hawakuwa na watoto, sidhani waliichagua kwa sababu hiyo. Waliotambua ni bamama.

Nilitaka kujua kama ni kwetu tu. Basi niliwapa wanafunzi wangu kazi: kila mmoja alete kitu kimoja kilichofumwa kwao, na amuulize mzee aliyekifuma ao anayekumbuka. Meza ya kalasi ilijaa. Naperoni za redio, za televisheni, za mgongo wa kiti. Kitambaa cha altare kilichotengenezwa na chama cha bamama wa parokia. Lakini vitu vingi zaidi vilikuwa vya watoto: kofia, soksi, blanketi la kubebea mtoto. Wasichana wawili walileta blanketi ambalo limebeba vizazi vitatu. Kijana mmoja alileta sindano bila kitambaa, iliyotengenezwa kwa waya wa gurudumu la baiskeli, imesuguliwa na jiwe mpaka inang'aa. Alisema babu yake aliitengenezea bibi yake wakati sindano za duka zilikosa. Niliishika mkononi, ni nzuri kuliko yangu. Na ukisikiliza wale wazee walivyoulizwa, karibu hakuna aliyeanza kwa kusema «masista». Wanaanza kwa kusema «wakati nilizaa fulani».

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960. Kampuni ilitwaliwa na serikali mwaka 1967, na kisha ikaitwa Gécamines. Posho iliendelea, hospitali ziliendelea, shule ziliendelea. Mwalimu wa kushona sasa alikuwa mama mweusi, na hiyo tu njo tofauti. Katika miaka ya 1970, wakati wa siasa ya authenticité, serikali ilikataza wanawake suruali na nywele za bandia, ikasifu pagne. Kroshe haikuguswa. Nadhani hakuna aliyeiona tena kama kitu cha kigeni, na hilo ni jambo ambalo mwenzangu anapaswa kulifikiria.

Kiisha shaba ilianguka. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba katika miaka yake mizuri. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1991 palikuwa uporaji katika miji. 1992 na 1993 palikuwa kufukuzana kati ya watu wa Katanga na wa Kasai, jambo la haya ambalo liliwagawa hata waliokaa pamoja kwenye benchi moja la kushona. Kufika 1994 kampuni haikutoa hata tani 50,000. Pesa nayo ikafa: mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja iliwekwa pahali pa zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kampunini kwa ile tuliyoiita départs volontaires. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliwaita wana wa wakati huo, kwenye kichwa cha kitabu chake cha mwaka 2001, «Bana Shaba» walioachwa na baba yao. Baba, maana yake kampuni. Anaonyesha vizuri namna baba wa nyumba alivyopoteza nguvu mshahara ulipokosa, na namna mama alivyotoka kwenda kutafuta.

Baba yangu hakuwa mtu wa shaba. Alikuwa na mwajiri mwengine ambaye sitamtaja, lakini mshahara ulikawia kwetu vilevile, miezi na miezi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ao kumi na mitatu. Hapo kambo alifungua kikapu chake na kutuita, mama yangu, dada yangu na mimi. Uzi wa duka ulikuwa na bei isiyogusika. Basi tulinunua tricot kubwa za fripe kwenye soko la Kenya, zile zilizotoboka, tukazifumua, tukafua uzi, tukautundika na jiwe chini ili unyooke, tukafuma kofia za watoto. Kambo alikataa tuuze kwa pesa, maana pesa ya asubuhi haikununua kitu jioni. Kofia moja na soksi zake: meka moja ya unga. Kikoti: meka mbili na mafuta kidogo. Wateja walikuwa bamama wenye mimba, ambao hawakuwa na kitu kama sisi, lakini hakuna mama anayekubali kutoka maternité na mtoto kichwa wazi.

Ninakumbuka usiku mmoja baba alirudi, akakuta tumekaa wanne kuzunguka taa ya mafuta, hatusemi, tunafuma. Alisimama mlangoni muda mrefu. Kiisha alivua koti, akakaa, akachukua tricot ya fripe, akaanza kufumua. Hakusema neno. Kila usiku kisha hapo alifumua yeye. Jirani hawakujua, na sisi hatukumwambia mtu. Leo naandika kwa sababu amekwisha kukubali, nilimuuliza kwanza.

Basi, ushirika wetu unapouliza desturi ni nini, mimi naona hatuwezi kupima kwa kuuliza tu kitu kilitoka wapi. Muhogo na mahindi vilitoka Amerika, na hakuna anayesema bukari si chakula chetu. Mimi ninauliza nani alikishika wakati hakuna aliyemlazimisha tena. Nyumba za kushonea za kampuni zilipofungwa, hakuna sista aliyekuja mlangoni kwa kambo kumwambia afume. Alifuma kwa sababu mtoto anazaliwa mwezi wa saba. Ninajua kwamba mtu anaweza kunijibu: na wale wasichana waliokosa Kilatini juu ya sindano? Swali hilo ni la haki, na siwezi kulifuta kwa kofia nzuri. Mimi mwenyewe nilipata diploma yangu ya ISP kwa sababu mama yangu alikataa nibaki na section ya coupe et couture, ingawa yeye ndiye aliyenifundisha mstari wa pili na wa tatu. Alisema: «Kroshe utafanya mangaribi. Mchana, soma.»

Siku hizi naona wasichana wanajifunza mitindo mipya kwa simu, kwa video za watu ambao lugha yao hawaisikii. Wanatazama vidole tu. Uzi mwingi unaouzwa mjini si sufu wala pamba, ni wa plastiki, na mtoto akitoka jasho unamchoma ngozi. Ninawaomba bamama vijana wauguse shingoni kwanza mbele ya kununua. Hadi leo hakuna mashine ya kiwanda inayofanya kroshe ya kweli. Ukiona soko imejaa blauzi za kroshe za bei ndogo, ujue kuna mkono wa mtu mahali fulani uliolipwa kidogo sana.

Kwangu, anayependa sindano si binti yangu. Yeye anapenda mpira. Ni mtoto wangu wa pili, kijana wa miaka saba. Kaka ya mume wangu alipomkuta nayo alikunja uso, akasema mtaharibu mtoto. Mume wangu alimjibu kwamba kwa Wakuba wanaume njo walikuwa wanafuma. Aliyasoma katika karatasi hizi nilizokuwa nimeziacha mezani. Mtoto hajaweza bado mstari wa pili. Anajua munyororo tu, na ameufanya bila kusimama tangu likizo ya Pasaka. Umetoka mlango wa chumba chao, umezunguka kiti cha baba yake, umefika kwenye dirisha la jikoni, na kila asubuhi nikienda kuwasha moto wa chai ni mimi ninayeruka.